Nafuu ya Farasi Mmoja

Zamani, hodari wa sataranji alipokaa kucheza na mtu dhaifu, hakucheza naye sawa kwa sawa. Kabla mchezo haujaanza alinyoosha mkono akaondoa ubaoni kete yake mwenyewe, pengine askari mmoja, pengine farasi, na mara nyingine ngome nzima, ndipo akamwambia mwenzake waanze. Kete hiyo iliyoondolewa ndiyo nafuu ya mnyonge. Katika mikahawa ya London na Paris ya karne ya 19 jambo hili lilikuwa la kawaida, maana watu walichezea fedha, na mwenye akili hawezi kuweka dau lake mbele ya bingwa asipopewa nafuu.

Mtazame, msomaji, Paul Morphy, kijana wa New Orleans huko Marekani. Mwaka 1858 alivuka bahari kwenda Ulaya, na mwezi wa Desemba, akiwa na umri wa miaka 21, alipambana mjini Paris na Mjerumani Adolf Anderssen. Morphy alishinda mara 7, akashindwa mara 2, na michezo 2 ikawa sare. Aliporejea kwao alitangaza kwamba yu tayari kucheza na mtu yeyote duniani, naye atatoa nafuu ya askari mmoja na kumwachia mwenzake aanze. Hakutokea mtu. Nadhani wengi walipima hivi: aliyepewa nafuu akishinda, watu watasema ameshinda kwa kete aliyohurumiwa, akishindwa, hana pa kuficha uso wake. Morphy akauacha mchezo, nasi hatujui wakubwa wa siku zile wangalifanya nini na askari yule.

Fedheha waliyoikwepa wao imewafikia wajukuu wao. Mwaka 1997, mjini New York, kompyuta iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia, kwa pointi 3½ dhidi ya 2½. Miaka kama 10 baadaye, mwaka 2007, programu iliyoitwa Rybka ilicheza michezo 8 na bingwa Jaan Ehlvest, ikijipunguzia askari mmoja kila mchezo, na bado ikamshinda kwa 5½ dhidi ya 2½. Mwaka 2016 Komodo ilimpa Hikaru Nakamura, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama hizi, nafuu za namna mbalimbali katika michezo 4. Mitatu ilikwisha sare, na wa nne Nakamura akashindwa. Lakini mwaka 2020 David Smerdon wa Australia alipewa na Komodo hiyohiyo farasi mzima, akaishinda 5 kwa 1.

Je, farasi mmoja ana uzito gani? Wachezaji humhesabu askari kuwa 1, farasi na askofu 3 kila mmoja, ngome 5, malkia 9. Mfalme hahesabiwi, kwa kuwa hana bei. Jeshi zima ni 39. Mwenzako akiondoa farasi amebaki na 36, na tofauti hiyo ni ndogo: mwenye ng'ombe 39 hawezi kumcheka jirani mwenye 36. Sasa badilishaneni malkia kwa malkia, ngome mbili kwa ngome mbili, maaskofu kwa maaskofu, na farasi wake wa pekee kwa mmoja wa farasi wako. Wewe umebaki na farasi na askari 8, yaani 11. Yeye ana askari 8 tu. Farasi ni yuleyule wa tangu mwanzo, ila sasa hapana wa kumzuia.

Hesabu hii ni nyepesi, na hata hivyo wengi hushindwa kuifuata. Mtu akipewa nafuu hutaka kuonyesha ushujaa. Malkia wake akikabiliwa na malkia wa adui, humkimbiza kando ili vita viendelee, na vita vikubwa vyenye mafundo ndivyo hasa mashine ivipendavyo, maana huona mbali kuliko jicho letu. Badilisha kete, basi, bila kuona haya. Na mfalme wako umfiche mapema pembeni, nyuma ya askari wasiosogezwa.

Lakini askari usiwabadilishe ovyo. Mfalme mwenye farasi mmoja tu hawezi kamwe kumfunga mfalme aliye peke yake. Ushindi wako utatoka kwa askari atakayefika mstari wa mwisho na kugeuka malkia. Adui aliyezidiwa hula askari kwa askari mpaka ubao ubaki mtupu, nawe ukabaki na farasi wako na sare.

Yako mambo ya mashine yenyewe pia. Kwa kawaida programu hudhani kwamba mpinzani atajibu vema kila mara, kwa hiyo inapopungukiwa na farasi hukubali kubadilishana kete, kwa kuwa huona njia zote ni mbaya karibu sawa. Waundaji wa Komodo walilijua tatizo hilo, wakaiwekea kipimo ambacho kwa lugha yao hukiita dharau: kikipandishwa, programu humwona mpinzani kuwa dhaifu, ikakataa njia nyepesi na kungoja akosee. (Jina hilo limewafaa.) Leela, iliyojifunza kwa kucheza na nafsi yake, imeendelea mbele zaidi. Yako matoleo yake yaliyofunzwa makusudi kucheza bila farasi, hata bila ngome au malkia, nayo huzihifadhi kete zilizobaki kama bakhili ahifadhivyo sarafu. Katika michezo ya dakika chache imewashinda hata mabingwa waliopewa farasi, maana katika muda huo binadamu hawezi kuyafungua mafundo yote. Kwa hiyo ukikaa mbele yake, omba saa ndefu. Na mara ya kwanza uonapo malkia wake anaweza kubadilishwa kwa wako, badilisha.