Wenyenchi: Utetezi wa Neno

Kijitabu kimoja cha elimu ya uraia kilichogawiwa Sake na Mubambiro, hapa Kivu, mashariki ya Kongo, kina sura nzima kuhusu watu wachache wanaoshika mali na amri za jamii. Tangu kichwa cha habari hadi mstari wa mwisho, sura hiyo inawaita "tabaka la wateule". Nilikuwapo siku kiliposomwa kwa sauti chini ya turubai, kando ya barabara ya Goma. Msomaji alipofika pale wateule wanapoamua nani apate ardhi Masisi, mama aliyekuwa anachambua maharagwe kwenye ungo akainua kichwa, akauliza: "Hao bateule ni ba kanisa gani?" Watu wakamtazama mchungaji aliyekaa mbele, naye akatazama chini. Msomaji akaendelea na ukurasa uliofuata, na swali la mama likabaki bila jibu.

Swali lile lilikuwa na akili kuliko kamati nzima iliyopitisha neno hilo. Sitaitaja kamati. Waliomo wanajifahamu, na wanakumbuka kwamba walipelekewa barua mbili za kuwaonya wasiliidhinishe, na hawakujibu hata moja.

Kosa lilianza hivi. Neno la Kifaransa élite limetoka katika kitenzi cha kuchagua, na babu yake wa Kilatini, eligere, alikuwa na maana hiyohiyo. Mtafsiri akafungua kamusi, akakuta kuchagua, akasogea hadi kuteua, akaandika wateule, kazi ikaisha. Hakujiuliza ni nani aliyeteua. Katika Kiswahili hakuna mteule asiye na mteuzi. Rais mteule ameteuliwa na wapiga kura, waziri anateuliwa na rais, wateule wa Biblia wameteuliwa na Mungu. Ukimwita mtu mteule umekwisha kukiri kwamba yupo mwenye mamlaka ya haki aliyemtazama, akamwona anafaa, akampa nafasi. Je, aliyezungushia ua mlima mzima juu ya Sake ameteuliwa na nani? Wanaolima kwenye kingo za mlima huo hawakumteua. Vilfredo Pareto, Mwitaliano aliyelieneza neno élite katika elimujamii, mwenyewe alikuwa akisema juu ya watu waliofika juu kwa nguvu au kwa hila, na juu ya kundi moja kuliondoa jingine na kukaa mahali pake. Wright Mills, alipoandika mwaka 1956 kuhusu Marekani, aliwahesabu wakuu wa makampuni, wa jeshi na wa serikali, ambao uamuzi wao unawafikia watu wasiowafahamu wala kuwapigia kura. Kwa hiyo mtafsiri wetu amefuata asili ya neno hadi kwenye kaburi lake, akaiacha maana yake inayoishi.

Wapo waliojaribu njia nyingine, na baadhi yao ni watu ninaowaheshimu. Wasomi, wanasema wengine. Lakini Goma imejaa wasomi wenye lisansi wanaouza vocha za simu, na kuna matajiri wa ng'ombe waliomwajiri msomi awasomee barua. Vigogo ni neno tamu la magazeti ya Dar es Salaam, ila kigogo ni kitu kinachoonekana: kimelala njiani, kila mtu anakikwepa. Wabenzi nao walijulikana kwa gari lao. Bepari alikuja na wafanyabiashara wa Kihindi, na kwao maana yake ilikuwa mfanyabiashara tu; siasa ya Ujamaa ndiyo iliyomvika pembe. Kabaila anakaribia zaidi, kwa sababu anagusa ardhi. Hata hivyo, kabaila anatubebesha ukoo na nasaba, kwa kuwa neno lenyewe lilitoka katika Kiarabu cha makabila. Kivu tumezika watu wengi mno kwa sababu ya neno kabila. Sioni faida ya kulirudisha kwa mlango wa nyuma ndani ya elimu ya uraia.

Watu wa hapa wanasema bakubwa. Ni neno la kweli, nalitumia kila siku, lakini ukubwa ni cheo kwa maana ya jumla: mkubwa wa familia, mkubwa wa darasa, mkubwa wa kituo cha polisi. Halisemi mtu anashika nini.

Anashika nchi, kwa maana zote mbili za neno hili. Kiswahili kina bahati ambayo Kifaransa hakina: nchi ni udongo unaolimwa, na nchi ni dola inayotawala. Wazee wa Kivu bado wanatamka inchi, kama ilivyoandikwa katika Biblia za zamani, na mzee akisema inchi yetu huwezi kujua kama anasema shamba au Kongo mpaka amalize sentensi. Mbele ya neno hili simamisha -enye. Huyu ni mmoja wa wazee wa lugha za Kibantu. Ndiye aliye ndani ya mwenyewe, ndani ya mwenyeji, ndani ya mwenyekiti, ndani ya Mwenyezi. Ndiye Mwinyi wa pwani, na Mwinyi Mkuu aliyekuwa na jumba lake Dunga, Unguja. Ndiye Mwene Kongo, mfalme ambaye Wareno walimwita Manikongo kwa sababu ya masikio yao. Toka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki, mtu aliyetaka kusema kwamba fulani anashika kitu na kitu hicho kinamtii, alisema mwenye. Kitenzi kumiliki ni cha Kiarabu, kizuri, cha mahakamani. Mwenye ni neno la damu.

Mwenyenchi, basi. Wingi wake wenyenchi. Sikulibuni mimi, Wakenya wamekuwa wakilitumia kwa miaka mingi mitaani na magazetini, wakiligonganisha na mwananchi: mwana wa nchi upande huu, mwenye nchi upande ule, mmoja akilelewa na nchi na mwingine akiifunga mfukoni. Ninachodai ni kwamba litolewe mtaani, liingizwe katika istilahi rasmi, liandikwe kama neno moja, na lipewe maana iliyopimwa: watu wachache ambao umiliki wao wa mali unawapa amri juu ya dola, na ambao anayeishi chini ya amri hiyo mara nyingi hawajui kwa sura.

Masisi ndiyo shule ya neno hili. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Kamati ya Taifa ya Kivu, ikapewa haki juu ya eneo kubwa kuliko uwezo wa mtu kulizunguka, ili iwagawie walowezi. Kuanzia 1937 hadi 1955 utawala uleule ukahamishia Masisi familia nyingi kutoka Rwanda, kwa kuwa mashamba ya walowezi yalihitaji mikono. Uhuru ulipofika, hati zilibaki. Sheria ya Bakajika ya 1966 ikasema ardhi ni ya dola. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ikakaza, ikasema hata ardhi wanayokaa wenyeji kwa desturi ni ya dola, na kwamba haki zao zitapangwa kwa amri ya rais. Makumi ya miaka yakapita bila amri hiyo kutoka. Miezi minne tu baada ya sheria, tarehe 30 Novemba 1973, Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na maduka ya wageni yapewe Wazaire. Wakaitwa wapokeaji, acquéreurs, na waliopokea vikubwa walikuwa wale waliokuwa karibu na mlango. Barthélemy Bisengimana, mkurugenzi wa ofisi ya rais tangu 1969 hadi 1977, alipata mashamba makubwa Kivu. Hakuwa peke yake. Walipata majenerali, walipata wafanyabiashara wa Goma na Butembo, na machifu waliotia sahihi walipata fungu lao. Walikuwa wa kila lugha inayosemwa katika jimbo hili.

Tazama ilivyo sasa katika milima iliyo juu ya Sake, kwenye majani yanayotoa jibini linalouzwa hadi Kinshasa. Mkulima anayetaka kupanda viazi na maharagwe anapewa kipande pembeni ya ferme, yaani shamba la ng'ombe, mahali penye mteremko ambao ng'ombe hawaupendi. Analipa kwa fedha au kwa mavuno, na mahali pengine kwa salongo, siku za kazi katika shamba la mwenye hati. Msimu ujao meneja anaweza kumwambia kipande kimerudi kuwa malisho. Mkulima akiuliza ni nani aliyesema hivyo, meneja anajibu: "Ni mukubwa." Mukubwa yuko wapi? Kinshasa, au Goma, au nje ya mipaka. Jina lake si siri ya wachawi. Limeandikwa katika ofisi ya hati za ardhi, kwenye faili ambalo mkulima yule hana nauli ya kulifuata wala Kifaransa cha kulisomea. Mambo yaliyochemka namna hiyo kwa miaka mingi yalilipuka Machi 1993 sokoni Ntoto, Walikale, na vita ikaenea hadi Masisi yote. Wakubwa wa hati walikuwa mbali na soko.

Walikale inafundisha sura ya pili. Bisie, baada ya kasiterite kuonekana huko mwaka 2002, ilitoa mizigo ya kilo 50 iliyobebwa mgongoni siku nzima au mbili msituni, kisha ndege ndogo zikatua juu ya barabara ya lami ya Kilambo kuichukua. Kwa miaka kadhaa hadi 2009 brigedi ya 85 ya jeshi la taifa ndiyo iliyoshika mgodi. Mchimbaji alimjua mwenye shimo, aliyeitwa pedeje. Pedeje alimjua mwanajeshi wa kizuizi. Mwanajeshi alimpelekea kamanda wake raportaje, yaani fungu la alichokusanya. Na juu ya kamanda jina likageuka kuwa kunyoosha kidole kuelekea magharibi. Leo Bisie ni mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin. Serikali ya Kongo ina asilimia 5 ya hisa katika mgodi huo, na mwaka 2025 kampuni ya Abu Dhabi ikainunua zaidi ya nusu ya Alphamin. Rubaya nako, baada ya waasi wa M23 kuiteka mwisho wa Aprili 2024, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria ushuru wa koltani kuwa dola 800,000 kwa mwezi. Mchanga ule ulibadilisha mwenye, haukubadilisha mchimbaji. Sasa nioneshe katika habari hii yote yuko wapi mteule.

Mpinzani wangu mmoja, mhariri ambaye ametafsiri mengi na kwa haraka, amenijibu hadharani kwamba neno langu ni hatari. Anasema kwamba Kivu mwenye nchi ni mtu anayedai kuwa amezaliwa na udongo, na kwamba kwa neno hilohilo majirani waliwafukuza majirani. Hoja hii ni nzito, na ndiyo pekee katika waraka wake iliyonikosesha usingizi. Lakini inathibitisha dai langu. Wenye nchi, maneno mawili, ni madai ya kuzaliwa, na mkulima maskini anayeyatamka hana hati wala ng'ombe. Amefundishwa kujiita mwenye ili asimwone mwenyenchi. Tukiandika neno moja, tukalifungia maana ya hati, mali na amri, tutakuwa tumelitoa neno mikononi mwa wachochezi. Mhariri huyo anapendekeza "kundi la watu wenye ushawishi". Maneno matano, na hakuna hata moja linalouma. Nina ushawishi juu ya watoto wangu.

Afrika Mashariki iliwahi kumpima mwenyenchi bila kumpa jina. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya binafsi, kupokea mishahara miwili, kuwa na nyumba za kupangisha. Geuza kila katazo na utapata picha yake kamili, mguu kwa mguu: anashika hisa, anakaa kwenye bodi, anakula mishahara miwili, anapangisha. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza makatazo hayo. Laiti waandishi wa 1967 wangekuwa na neno moja la kumwita mtu waliyekuwa wakimzuia, kumfungulia kungekuwa na aibu zaidi.

Kuhusu matumizi, mambo ni mepesi. Wenyenchi wanagombana Kinshasa, wananchi wanahama Mubambiro: kila aliyekimbia Februari 2024, mapigano yalipofika Sake, ataielewa sentensi hiyo bila mkalimani. Sarufi nayo imekwisha kutufanyia kazi. Mwenyekiti ana uenyekiti, mwenyeji ana uenyeji. Mwenyenchi ana uenyenchi, na hilo ndilo jina la mfumo ambao vitabu vya siasa vinauita oligarkia na ambao kamati iliuita, kwa maneno matatu yaliyochoka, utawala wa wachache. Wachache si kosa lao. Kamati yenyewe ni ya watu saba. Na kama mwenyeji alivyotupa kienyeji, tuna kienyenchi: sheria ya kienyenchi, ushuru wa kienyenchi, amani ya kienyenchi inayotiwa sahihi hotelini na watu ambao mashamba yao hayakuwahi kuungua. Neno lote liandikwe pamoja, bila kistari na bila nafasi katikati, na mchapaji asithubutu kulitenganisha.