Mimi Napita Tu

Marehemu babu yangu alikuwa na hadithi moja ambayo hakuna mtu kwetu aliyeiamini. Alisema kwamba alipokuwa mtoto pale Dunga, Kisumu, ndege zilikuwa zinatua majini. Si kando ya maji. Majini kabisa, kama bata. Inashuka, inateleza juu ya ziwa, inasimama, halafu mashua inatoka ufuoni kwenda kuwachukua wazungu waliotoka Uingereza. Sisi wajukuu tulikuwa tunaangaliana tu na kucheka chini kwa chini. Mzee ameanza kuchanganya mambo. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwambia pole.

Nilikuja kujua alikuwa anasema ukweli mwaka ule nilioacha chuo. Karo ilikuwa imekwama, lakini kadi yangu ya maktaba ilikuwa bado inafanya kazi, kwa hivyo nilikuwa nashinda huko nikisoma chochote, bora tu nisirudi mtaani mapema nikaulizwa maswali. Siku moja nikafungua kitabu cha historia ya usafiri wa ndege. Kulikuwa na picha ya ndege kubwa yenye tumbo kama la mashua, imetulia juu ya maji. Maelezo chini ya picha yalisema ni Kisumu.

Picha hiyo ilinirudia mwaka jana nikiwa juu ya mawingu, kiti cha katikati, safari yangu ya kwanza kabisa ya ndege. Dada yangu mkubwa anatunza wazee huko Manchester, na alikuwa amejifungua. Alinitumia tiketi: Nairobi, Dubai, Manchester. Ndiye aliyekuwa ananilipia karo mpaka mambo yakamkwamia, na tangu niache chuo tulikuwa tunaongea kwa kupimana maneno. Tiketi ilikuwa njia yake ya kusema njoo tumalize haya mambo ana kwa ana. Kusema ukweli, niliogopa kufika kuliko nilivyoogopa kuruka.

Kiti cha dirishani alikuwa amekaa dada mmoja wa rika langu, kutoka Webuye. Alikuwa anaenda Dubai kufanya kazi za nyumbani, mkataba wa miaka 2. Toroli ya chakula ilipofika akatikisa kichwa haraka kabla hata hajaulizwa. Nikamnong'oneza, "Chukua, imelipiwa. Iko ndani ya tiketi." Mimi mwenyewe nilikuwa nimelijua hilo juzi tu, kwa kutafuta kwenye intaneti usiku kucha. Akaniangalia kwanza kuona kama namchezea, halafu akachukua kuku. Tulipomaliza kula akaniuliza, "Na wewe unashuka wapi, kaka?"

"Manchester. Dubai mimi napita tu."

"Unapita tu," akarudia polepole, kisha akageukia dirisha.

Maneno hayo mawili yalinikaa rohoni safari nzima, kwa sababu ukiangalia historia yetu, kupita na kupitiwa ndiko kulikotufanya tuwe tulivyo.

Anza na pwani. Kabla ya injini, aliyekuwa anapanga ratiba ni upepo. Kaskazi ilivuma kuanzia mwezi wa Desemba hadi Machi, ikaleta majahazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, inayarudisha. Hapo katikati hakuna haraka ya mtu yeyote inayosaidia. Nahodha na mabaharia wake walikaa Lamu, Mombasa au Unguja wakingoja upepo ugeuke, na mtu anayengoja miezi lazima ale, alale, atengeneze tanga lake, auze tende na samaki wa chumvi, anunue pembe na boriti za mikoko. Wengine walioa. Wote walihitaji kuongea na wenyeji. Miji yetu ya mawe ilinenepa kwa kungoja huko, na hata lugha hii ninayokuandikia ilibeba maneno mengi yaliyoshuka kutoka kwa watu waliokuwa wanangoja upepo.

Kulikuwa pia na wa kupita kweli kweli. Mwaka wa 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Mombasa, akalala usiku mmoja, akaendelea hadi Kilwa. Baadaye akapanda chombo kingine kurudi kaskazini hadi Dhofar, kusini mwa Uarabuni. Kwa lugha ya leo, Mombasa alibadilisha ndege tu.

Lakini majahazi hayo hayo yalibeba na watu ambao hawakuwa na tiketi ya kurudi. Katika karne ya 19 maelfu ya watu waliotekwa bara walivushwa bahari hii hii, wakaishia kwenye mashamba ya tende ya Oman na kwenye mashua za kupiga mbizi za wafanyabiashara wa lulu wa Ghuba. Hao hawakuwa wanapita. Sisemi dada wa Webuye ni mtumwa. Ana pasipoti yake na mkataba ameusoma. Nasema tu kwamba njia ile tuliyokuwa tunaikata juu ya Bahari Hindi ni ya zamani sana, na siku zote imebeba watu wa aina mbili kwenye chombo kimoja.

Sasa turudi kwa babu. Mwaka wa 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari kutoka London hadi Ziwa Victoria, likibeba hasa barua. Mwaka uliofuata njia ikafika Cape Town. Ndege za kutua majini zilishuka na mto Nile kutoka Khartoum hadi Kisumu, na hapo abiria wa kusini akashuka majini, akapanda ndege ya kutua ardhini na kuendelea. Soma tena hiyo sentensi. Kisumu kilikuwa kituo cha kubadilishia ndege. Wale waliokuwa wanatoka au kwenda Nairobi walihudumiwa pia na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na Florence Kerr Wilson, yule ambaye uwanja wa Wilson una jina lake.

Na huduma ilikuwa kamili kuliko ya leo. Ndege hazikuruka usiku kwenye njia hiyo, kwa hivyo kila jioni abiria walilazwa hotelini, na nauli ilijumuisha chakula, kitanda na hata bakshishi za wahudumu. Safari nzima ilichukua zaidi ya wiki. Ilikuwa nauli ya maafisa, walowezi na matajiri. Mtoto wa mvuvi wa Dunga aliiona ndege ile kutoka upande mmoja tu: ufuoni.

Mwaka wa 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, zikawa zinatoka Southampton hadi Durban. Zilitua Kisumu, zikatua Mombasa, zikatua Dar es Salaam na Lindi, lakini abiria hakuhitaji tena kubadilisha. Hizo ndizo alizoziona babu. Na bila yeye kujua, alikuwa anatazama mji wake ukianza kupoteza kazi. Kisumu kilikuwa kimegeuka kutoka mahali pa kushukia kuwa mahali pa kujaza mafuta. Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha, ndege za ardhini zilikuwa zimekuwa na nguvu na masafa marefu, na ziwa halikuhitajika tena. Mwaka wa 1952, ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria kwa ratiba duniani, Comet ya shirika la BOAC, iliposhuka kutoka London kwenda Johannesburg, hapa kwetu ilitua Entebbe. Mwaka wa 1958 Nairobi ikafungua uwanja wa Embakasi, na hadithi ya Kisumu ikabaki kwa wazee, ikichekwa na wajukuu.

Lakini jambo lililonifanya nikae wima pale maktabani ni hili. Mwaka huo huo wa 1937, Imperial Airways ilikuwa na njia nyingine, ya kwenda India, na ilifanya makubaliano na mtawala wa Dubai ili ndege zake za majini zitue kwenye hori la mji huo. Dubai wakati huo ilikuwa taabani. Biashara ya lulu ilikuwa imeangushwa na mdororo wa uchumi wa dunia na lulu za kufugwa za Wajapani. Nyumba zake za zamani ziliezekwa kwa boriti kutoka pwani yetu kwa sababu kule miti ya kujengea ilikuwa haba. Kisumu kilikuwa na reli tangu 1901. Ungemwambia mtu mwaka ule achague, kati ya vituo hivi viwili vya maji vya shirika moja, ni kipi kitakuja kubadilishia dunia ndege, sidhani angetaja Dubai.

Tumezoea kusema ni mafuta. Mafuta yalisaidia, ndiyo. Dubai iliyapata mwaka wa 1966. Lakini uwanja wake wa kwanza ulifunguliwa mwaka wa 1960, kabla ya mafuta, na hori lilianza kuchimbwa kina kwa pesa za kukopa. Mwaka wa 1983 wakafungua maduka yasiyotozwa ushuru uwanjani. Mwaka wa 1985 wakaanzisha Emirates, na ndege zake za kwanza zilikodishwa kutoka shirika la Pakistan. Kenya Airways ilikuwa imeanza 1977, baada ya East African Airways, ambayo tulikuwa nayo na majirani zetu tangu 1946, kuvunjika pamoja na jumuiya yenyewe. Yaani tulikuwa mbele yao miaka 8, na ukihesabu ile ya jumuiya, karibu miaka 40.

Sisemi haya ili tulie. Nairobi nayo ni kituo. Nenda pale Embakasi usiku uone watu wa Lusaka, Kinshasa na Accra wamelala kwenye viti wakingoja ndege zao. Ninachosema ni kwamba Dubai ilielewa jambo ambalo Lamu na Mombasa zililijua tangu zamani: mtu anayengoja ni mali. Mpe kivuli, mpe chakula, mpe cha kununua, naye atajenga mji wako. Tofauti ni kwamba mabaharia waliongoja kusi walikaa miezi, wakaacha watoto, maneno na madeni. Mimi nilikaa saa 6. Nilinunua maji na chokoleti ya mtoto wa dada. Hakuna mwenyeji niliyezungumza naye. Walionihudumia wote, kuanzia aliyefagia hadi aliyeniuzia, walionekana kuwa wametoka mbali kama mimi, ila wao walikuwa wameshuka.

Tulipotua ilikuwa bado giza. Tukatembea pamoja, mimi na yule dada, korido ndefu zisizoisha, tukifuata umati. Mahali fulani mabango yanagawanyika: wanaoingia mjini upande huu, wanaounganisha safari upande ule. Watu wa ndege yetu walijigawa bila kusimama, kama maji yanavyogawanyika kwenye jiwe. Yeye akasimama.

"Kaka, nisaidie kitu. Simu yangu ni kabambe, hapa haishiki. Mdogo wangu yuko na WhatsApp. Mwambie tu nimefika."

Akanisomea namba kwa kichwa, mara mbili, akahakikisha nimeiandika. Akavuta begi lake, akageuka. Sikumpa mkono, sijui kwa nini. Nilimwangalia mpaka kilemba chake cha kijani kikapotea kati ya vichwa vingine.

Nilitafuta kiti karibu na geti langu, nikaunganisha simu kwenye intaneti ya bure ya uwanja na kuandika: "Habari. Nilikuwa na dada yako kwenye ndege. Amefika Dubai salama." Nikakaa nikiangalia skrini. Kwa kioo niliona ndege zimepangwa mkia kwa mkia, na mapambazuko yakianza kuingia. Nilimfikiria babu ufuoni, mtoto wa miaka saba au nane, akiangalia watu wakishuka kutoka angani na kuondoka tena bila kumuuliza jina. Nilimfikiria pia dada yangu, ambaye miaka 6 iliyopita alipita kwenye uwanja huu huu na masanduku mawili, akaenda kutunza wazazi wa watu wengine ili mimi nisome, na mimi sikusoma. Nilikuwa bado sijajua nitamwambia nini.

Simu ikatetemeka.

"Asante sana. Mama anauliza, na wewe umefika?"

Nilikaa na swali hilo kama dakika tano hivi. Halafu nikaandika: "Bado, mwambie mama. Niko njiani."