Asali ya mwatu na safari yake hadi wodini

Katika nyika inayozunguka kilima cha Nuu, mashariki mwa Mwingi, ukiinua macho hukosi kuuona mwatu umelala kati ya matawi ya mgunga: gogo lililotobolewa katikati, likazibwa ncha zote mbili. Asali yake ilikuwa ya mahari, ya pombe ya wazee, na ya dawa. Mtoto akiungua kwa uji, alipakwa. Zahanati zilipoingia na iodini na spiriti, mambo hayo yakaitwa ya kishamba.

Wakamba wa huko hawakuwa peke yao. Papirasi ya Edwin Smith, iliyonakiliwa Misri yapata miaka 3,600 iliyopita, inaagiza jeraha lifungwe kwa mafuta, asali na nyuzi za kitani. Iliyoitoa asali wodini hasa ni penisilini, katika miaka ya 1940. Kidonda kikawa cha kufunikwa shashi kavu. Aliyewahi kubanduliwa shashi iliyogandana na nyama anajua habari yake: muuguzi ananyunyiza maji ya chumvi, anangoja kidogo, anavuta, na ngozi changa iliyoota usiku inatoka na uzi. Mwaka 1962 George Winter wa London alionyesha kwa nguruwe kwamba kidonda kinachohifadhiwa unyevu huota ngozi upesi kuliko kilichoachwa kikauke. Wauguzi walichukua miaka mingi kumsikia.

Mwaka 1963 Mmarekani Jonathan White alitambua silaha ya asali. Nyuki huitia kimeng'enya kinachotengeneza haidrojeni peroksaidi, ile ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Ila kimeng'enya hicho hakina kazi kubwa asali ikiwa nzito chupani. Ni majimaji ya kidonda yanayokiamsha, nacho hutoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ongeza uchachu wa asali, na sukari inayofyonza maji kutoka kwa vijidudu, na utaona kwa nini usaha hupungua.

Dawa za viua vijasumu zilipoanza kushindwa na bakteria sugu, hospitali zikageuka nyuma. Kule New Zealand, Peter Molan wa Chuo Kikuu cha Waikato alikuwa ameshaichunguza asali ya maua ya mti wa manuka kwa miaka. Mwaka 2007 Marekani iliruhusu bendeji za Medihoney, zilizotiwa asali ya jamii hiyo. Mwaka huo huo yalichapishwa matokeo kutoka Malawi, ambako wagonjwa 40 walifungwa vidonda kwa asali au kwa sukari. Asali ilipunguza bakteria zaidi.

Ni rahisi kusema wazungu walituuzia kilichokuwa chetu. Mimi nasita. Ndani ya asali mbichi mbegu za bakteria wa botulismi huweza kulala, na huwezi kuzichemsha zife bila kukiua kimeng'enya pia. Molan na mwenzake walionyesha mwaka 1996 kwamba mionzi ya gama huisafisha asali bila kuipokonya nguvu. Bibi wa Nuu alikuwa na asali. Mionzi hakuwa nayo. Pakiti ya hospitali inalipiwa kwa usafi huo, na kwa uhakika kwamba kila moja ina nguvu sawa na nyingine.

Moto ndio mtihani wa asali yetu pia. Kwa kawaida masega hutiwa sufuriani pamoja na nta, yakapashwa hadi asali ijitenge, na mle mle kimeng'enya kinakufa. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kimewafunza wafugaji wa Mwingi njia nyingine: mizinga ya kisasa yenye fremu, na mashine ya kuzungusha masega inayoirusha asali nje bila jiko kuwashwa. Hiyo ndiyo ya kupeleka maabara. Ile nyeusi ya chupa ya soda, inayonukia moshi, ibaki ya chai.