Nguo ya Bibi Harusi: Historia ya Kuazima Tangu Zama za Mtume (s.a.w.)



Ndugu msomaji, ndoa nyingi katika miji yetu hazicheleweshwi na mahari. Posa imekubaliwa, mahari yametajwa, walii yu tayari na mashahidi wapo, lakini harusi inangoja nguo. Panangojwa shela jipya, seti ya dhahabu, viatu vya kulingana na shela, na sare za wapambe na mashangazi. Baba anakopa, kaka anakopa, na baada ya siku moja ya furaha huja miezi ya kulipa. Akitokea mtu mwenye busara akasema, "Tuazime kwa fulani," hujibiwa kwa methali kwamba nguo ya kuazima haisitiri. Binti huinama kwa haya, na azma ya kukopa hurudi pale pale.

Makala haya yanataka kuonyesha kwamba aibu hiyo haina mzizi katika historia ya Uislamu. Nguo ya bibi harusi katika Madina ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa nguo ya kuazima, na wanazuoni waliiwekea mlango wake katika vitabu vya Hadithi na vya fiqhi.

Nguo ya dirhamu tano

Imamu Bukhari (aliyefariki mwaka 256 Hijria, 870 Miladia) katika Sahihi yake, kwenye kitabu cha hiba, ameweka mlango unaohusu kumwazimia bibi harusi siku ya kuingizwa kwa mumewe. Chini yake ameleta riwaya ya Ayman, mmoja wa matabii, kwamba aliingia kwa Mama wa Waumini Bi Aisha (r.a.) akamkuta amevaa kanzu ya kitambaa kigumu, thamani yake dirhamu tano. Bi Aisha alimwelekeza amtazame mjakazi wake, kwamba yeye hukataa kwa kujivuna kuivaa nguo kama ile hata ndani ya nyumba. Kisha akaeleza kwamba zama za Mtume (s.a.w.) alikuwa na kanzu ya namna hiyo, na hapakuwa na mwanamke aliyepambwa Madina ila alituma kwake kuiazima.

Kitambaa hicho kimetajwa katika riwaya moja kuwa ni cha "qitr", na katika nyingine kuwa ni cha pamba. Vyovyote iwavyo, hakikuwa hariri wala kitu cha fahari. Tukitaka kujua dirhamu tano ni kiasi gani, tukumbuke kwamba nisabu ya zaka ya fedha ni dirhamu 200, na zaka yake ni dirhamu tano. Kwa hiyo thamani ya nguo hiyo ilikuwa sawa na kile ambacho mtu aliyefikia nisabu humpa maskini kwa mwaka mmoja. Kwa mizani ya leo haizidi gramu 15 za fedha.

Neno alilotumia Bi Aisha kwa "kupambwa" ni "tuqayyanu". Kutokana nalo, mwanamke anayempamba bibi harusi huitwa "muqayyina", yaani mpambaji, kazi ambayo huku kwetu huifanya somo au kungwi. Bi Aisha mwenyewe alipambwa na Asma binti Yazid (r.a.) alipopelekwa kwa Mtume (s.a.w.), na Hadithi hiyo imo katika Musnad ya Imamu Ahmad. Basi kupamba si jambo geni katika dini, wala halikuchukiwa. Jambo la kuzingatia ni kwamba mji mzima wa Madina, uliokuwa na wake wa Muhajirina na mabinti wa Ansari, ulitosheka na kanzu moja inayotoka nyumba hii kwenda nyumba ile. Aliyeitoa alikuwa mke wa Mtume (s.a.w.), na hakuna aliyeona haya kutuma mtu mlangoni kwake.

Mkufu uliopotea

Katika kitabu cha ndoa, Imamu Bukhari ameweka mlango mwingine wa kuazima nguo kwa ajili ya bibi harusi na wengineo. Hadithi aliyoileta humo ni ile mashuhuri ya mkufu. Bi Aisha (r.a.) aliazima mkufu wa dada yake Asma, nao ukapotea safarini. Mtume (s.a.w.) akatuma watu miongoni mwa sahaba zake kuutafuta. Wakati wa sala ukawafikia hawana maji, na hapo ikateremka aya ya tayamamu.

Wengi huisoma Hadithi hii kwa ajili ya tayamamu tu. Bukhari aliisoma pia kwa jicho la harusi: ikiwa pambo la kawaida la mke wa Mtume liliazimwa, bibi harusi ana haja zaidi ya kuazima. Pia limo funzo la amana, kwani kitu cha kuazima kilipopotea hakikuachwa kwa sababu mwenyewe ni dada. Kilitafutwa.

Lulu za Baghdad

Dunia ilipowafungukia Waislamu, harusi nazo zilibadilika. Mfano unaotajwa sana ni harusi ya Khalifa Al-Maamun na Burani binti ya waziri Hasan bin Sahl, mwaka 210 Hijria (takriban 825 Miladia), huko Fam al-Silh karibu na Wasit. Imamu Tabari amesimulia kwamba bibi yake Burani alimwagia lulu elfu moja zilizokuwa katika sinia la dhahabu, na kwamba usiku huo uliwashwa mshumaa wa ambari wenye uzito wa ratili nyingi. Khalifa, pamoja na ukwasi wake, aliukataa mshumaa huo akasema ni israfu.

Katika habari hiyo kuna jambo ambalo wasimulizi wa fahari hulipita haraka. Vazi la lulu alilovikwa Burani halikushonwa kwa ajili yake. Lilikuwa vazi la kale la Bani Umayya, na aliyemvika ni Zubayda, mjane wa Harun al-Rashid. Na Burani alipoambiwa aombe atakalo, hakuomba pambo. Aliomba Ibrahim bin al-Mahdi asamehewe, na Zubayda apewe ruhusa ya kwenda Hija. Hata katika kilele cha anasa, bibi harusi alivaa cha waliotangulia, na haja yake ilikuwa kwa watu, si kwa nguo.

Rangi, na nguo nyeupe

Sharia haikumwekea bibi harusi rangi maalumu. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipooa mwanamke wa Kiansari, Mtume (s.a.w.) alimwona na athari ya manjano akamuuliza habari yake, naye akajibu kwamba ameoa. Wanazuoni wengi wamesema manjano hiyo ilikuwa ya zafarani iliyomgusa kutoka kwa mkewe. Basi zafarani ilikuwa katika mapambo ya maharusi wa Madina. Mwanamke ameruhusiwa pia hariri na dhahabu, ambazo mwanamume amekatazwa. Mwenye kuzuiliwa nguo za kupakwa rangi kwa ajili ya pambo ni mfiwa aliyomo edani, na hilo lenyewe ni dalili kwamba asiyekuwa edani yuko huru.

Ndiyo maana kila nchi ilishika desturi yake. Oman kijani kimezoeleka kwa bibi harusi. Katika mwambao wetu alivikwa kanga za kisutu, zenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, akapakwa hina na piko, akafukizwa udi na kuvishwa asumini.

Nguo nyeupe ndefu tunayoiita shela imekuja baadaye. Malkia Victoria wa Uingereza aliolewa na Albert tarehe 10 Februari 1840 mjini London, akiwa amevaa satini nyeupe yenye lesi iliyofumwa na mafundi wa nchi yake. Kabla yake maharusi wengi wa Ulaya walivaa rangi mbalimbali, mara nyingi nguo yao iliyo nzuri kuliko nyingine. Picha na magazeti viliieneza nguo ya malkia, wenye mali wakaifuata, kisha watu wote. Kwa hiyo asili yake ni mtindo wa jumba la kifalme, wala si ibada ya kanisa.

Je, kuivaa ni kujifananisha na wasiokuwa Waislamu? Ibn Hajar al-Asqalani (aliyefariki mwaka 852 Hijria, 1449 Miladia) alizungumzia mashali yaitwayo "tayalisa", ambayo zamani yalikuwa alama ya Mayahudi. Alisema hoja ya kujifananisha husimama wakati kitu kingali alama yao. Alama hiyo ikiondoka, kitu huingia katika mubaha. Kwa kipimo hicho, nguo nyeupe yenyewe haina tatizo, na nyeupe ni rangi aliyoipendekeza Mtume (s.a.w.) kwa walio hai na kwa sanda. Tatizo ni nguo inayoacha mabega na kifua wazi mbele ya wanaume wasio maharimu, au inayopigwa picha zikasambazwa kwa simu hadi kwa asiyehusika. Hapo swali ni la sitara, wala si la rangi.

Hukumu za kuazima na kukodi

Kuazima huitwa katika fiqhi "ariya", na kukodi huitwa "ijara". Watu huzichanganya akdi hizi mbili, ilhali hukumu zake zinatofautiana.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mwenye kuazima ana dhamana. Shela la kuazima likiibwa au likiungua, atalipa thamani yake ya siku lilipoharibika, hata kama hakufanya uzembe. Likichakaa kwa kule kuvaliwa alikoruhusiwa, halipi. Gharama ya kulirudisha ni juu yake, na hana ruhusa ya kumwazimia mwingine bila ya idhini ya mwenyewe. Mahanafi wameona kwamba mwazimaji ni mwaminifu na halipi ila akivuka mpaka. Mamaliki wamemtia dhamana katika vitu vinavyoweza kufichwa, kama nguo na vito, isipokuwa akileta ushahidi wa kupotea kwake.

Ama aliyekodi dukani kwa malipo, mkono wake ni wa amana. Likiharibika bila ya uzembe wake wala kuvuka mpaka, asili ya akdi haimlazimishi kulipa. Kwa hiyo wenye maduka ya mashela, na familia zinazokodi, waandikiane mapema: siku ya kuchukua, siku ya kurudisha, na hali ya nguo ilivyokuwa. Ugomvi mwingi baada ya harusi hutokana na kutojua ni akdi gani iliyofungwa.

Kwa upande wa mwenye mali, Qur'ani katika Sura Al-Maun imewakemea wanaozuia vitu vya msaada wa kila siku, na Ibn Masud (r.a.) alivifasiri kuwa ni kuazimana ndoo, chungu na mfano wake. Imepokewa pia kwa baadhi ya waliotangulia kwamba zaka ya pambo ni kuliazimisha. Mwenye seti ya dhahabu aliyoifungia kabatini ayafikirie maneno hayo.

Uongo uko wapi?

Huenda mtu akauliza: je, Mtume (s.a.w.) hakusema kwamba anayejionyesha kuwa na kitu asichopewa ni kama aliyevaa nguo mbili za uongo? Na baadhi ya masharihi, kama alivyonukuu Imamu Nawawi, wameeleza kwamba ni yule avaaye nguo ya mwenzake akawadhanisha watu kuwa ni yake. Je, bibi harusi wa kuazima haingii humo?

Jawabu ni kwamba kilichokatazwa ni kudhanisha. Madina kila mtu aliijua kanzu ile kuwa ni ya Bi Aisha. Hapakuwa na aliyedanganywa. Neno la Kiarabu kwa uongo huu ni "zur", na ndilo hilo hilo Mtume (s.a.w.) aliloliita tendo la kuunga nywele. Mwanamke wa Kiansari alimwoza binti yake ambaye nywele zake zilinyonyoka kwa maradhi, akataka kumuunga nywele nyingine, Mtume (s.a.w.) akamkataza, ingawa ni bibi harusi na ingawa ni mgonjwa. Nguo ya kuazima ikaruhusiwa, na nywele za kuunga zikakatazwa, kwa sababu moja huonekana ilivyo na nyingine huficha.

Basi binti anayesema, "Shela hili nimeazima kwa shangazi," amefuata desturi ya maharusi wa Madina. Na aliyekopa akanunua ili adhaniwe tajiri yuko karibu zaidi na zile nguo mbili za uongo, hata kama risiti ina jina lake.

Hitimisho

Nguzo za ndoa katika madhehebu yetu ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na tamko la kuozesha na kukubali. Nguo haimo. Katika kila mtaa wapo akina mama wenye mashela yaliyovaliwa mara moja na mikufu inayotoka kabatini Idi hadi Idi. Wakivitoa kwa mabinti wa jirani, wakavipokea vikirudi safi, sunna ya nyumba ya Bi Aisha (r.a.) itahuika, na vijana wengi wataoa mwaka huu badala ya mwaka kesho. Methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri inamfaa mvivu asiyetaka kujitegemea. Bibi harusi wa siku moja hahusiki nayo.

Tunamuomba Allah (s.w.) awasahilishie vijana wetu ndoa, azitie baraka nyumba zao, na atuepushe na israfu na ria. Wallahu a'lam.