Maumivu ya taya na kichwa: Si kila mara ni malaria

HUKO Isingiro, wilayani Kyerwa, kama ilivyo kwingineko mkoani Kagera, kichwa kinapouma wazo la kwanza ni malaria. Tangu mwaka 2010, Shirika la Afya Duniani (WHO) limeshauri mgonjwa apimwe kabla ya kupewa dawa. Kipimo kisipoonyesha vimelea, na kijana bado anaamka na maumivu ya mapanja yanayoshuka mashavuni, taya nalo lichunguzwe.

Kiungo cha taya kiko mbele kidogo ya sikio, na misuli inayokiendesha imetanda hadi pembeni mwa kichwa. Ndiyo maana taya likichoka, kichwa huuma. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hadi 40, hasa wanawake. Wengine husikia taya likialika wanapopiga miayo.

Chanzo kimojawapo ni kusaga meno usingizini, tabia ambayo wengi huihusisha na minyoo, ingawa msongo wa mawazo ndio huichochea zaidi. Kahawa ya kutafuna, iliyozoeleka mkoani humo, humtaabisha mgonjwa mara mbili: taya halipumziki, na kafeini nayo huhusishwa na kusaga meno.

Wengi hupata nafuu kwa chakula laini na kukandwa kwa kitambaa cha maji ya moto. Kung'oa jino zima hakusaidii. Gego la mwisho, linaloota kati ya miaka 17 na 25, likileta uvimbe na homa, mgonjwa amwone daktari wa meno. Taya likikaza kwa mtu mwenye kidonda, huenda ni pepopunda, awahishwe hospitali.