Msitu wa Hifadhi wa Kijiji (Tanzania)

Msitu wa hifadhi wa kijiji ni msitu uliomo ndani ya ardhi ya kijiji ambao wanakijiji, kupitia serikali yao ya kijiji, wameutenga ili waulinde na kuuvuna kwa utaratibu maalumu, na ambao mapato yake ni mali ya kijiji. Msingi wake ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002, ingawa majaribio ya mwanzo, hasa yale ya Duru-Haitemba wilayani Babati, yalizitangulia sheria hizo.

Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25, huunda kamati ya maliasili, ambayo huhesabu miti, hupanga kiasi kinachoweza kukatwa bila kuumaliza msitu, na huendesha doria. Mpango huo hauna nguvu mpaka uridhiwe na mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18, nazo sheria ndogo za kuulinda msitu hupelekwa halmashauri ya wilaya ili ziidhinishwe. Jambo lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni la fedha: mrabaha, yaani malipo anayotoa mvunaji kwa mwenye msitu, huingia katika mfuko wa kijiji, ilhali kwa mti uliokatwa nje ya hifadhi hiyo malipo makubwa huenda serikalini, na kijiji hakina sababu ya kumzuia mwenye msumeno.

Tofauti hiyo ilionekana wazi wilayani Kilwa. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003 katika Mto Rufiji, magogo ya kusini yalipata njia rahisi ya kufika Dar es Salaam, uvunaji haramu ukashamiri, na vijiji vikaambulia malipo duni. Mwaka 2009 shirika la MCDI, linalofanya kazi na vijiji vya huko, kikiwemo Kikole, lilipata cheti cha Baraza la Usimamizi wa Misitu (FSC), kinachomthibitishia mnunuzi kwamba mbao zimetoka katika msitu unaotunzwa. Mti uliolengwa hasa ulikuwa mpingo, ambao mafundi wa Ulaya huutumia kutengenezea zumari za klarineti na ambao huchukua miongo kadhaa kukomaa. Kwa hiyo kijiji kinachotegemea mpingo peke yake husubiri sana, na vijiji vingi vimelazimika kutafuta soko la miti mingine isiyojulikana sana.

Wilayani Kilosa utaratibu uo huo ulitumika kwa mkaa kuanzia mwaka 2012. Eneo la uvunaji hugawanywa katika vitalu vya mita 50 kwa 50, vinavyokatwa kwa kupishana katika mzunguko wa miaka 24, na visiki huachwa vichipue. Wachomaji hulipa ada ya kijiji, ambayo mkutano mkuu huamua itumike wapi: darasa, kisima au zahanati.

Mvutano haukosekani kati ya ngazi mbili za serikali za mitaa. Halmashauri ya wilaya hutegemea ushuru wa mazao ya misitu, na kadiri misitu ya vijiji inavyoongezeka ndivyo sehemu ya mapato inavyoiponyoka, ingawa ndiyo inayotakiwa kutoa maofisa misitu na kuidhinisha sheria ndogo. Baadhi ya vijiji vimeafikiana na wilaya kuipatia asilimia ndogo ya mrabaha kama malipo ya huduma hizo.