Tope la Bisie na Dawa ya Chuma

Kuanzia 2002 wachimbaji walimiminika Bisie, Walikale, mashariki mwa Kongo, kufuata kasiteriti, madini ya bati. Rubaya, Masisi, ikavuma kwa koltani, madini ya tantali. Madini yalioshwa kwa maji, tope likashuka mitoni. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji huko; Machi 2011 marufuku ikaondolewa. Amri ya kutoka mbali haikuuponya udongo uliochimbuliwa. Mtu anaweza kujibu kwamba leo ipo dawa: chembe ndogo mno za chuma, zilizotumika Marekani na Ulaya kusafisha maji ya ardhini. Kweli, hunasa baadhi ya metali. Lakini majaribio ya maabara yameonyesha kuwa huharibu utando wa bakteria, ingawa haidrojeni inayotokana nazo hulisha vijidudu vingine. Atakayezileta Masisi apime kwanza uhai wa udongo, kwani ndio unaorutubisha mashamba.